UZI: Julius Caesar mu klasi ya Kiingereza ya batoto 60, tuanze na makelele

Prof_Katuba (Lubumbashi)

Ba-prof wenzangu, jambo yenu. Kila mwaka tukifika ku teatri mu kozi ya Kiingereza bengi wetu tunafanyaka kitu kimoja: unaandika rezime ya Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare, ku tabulo, batoto banakopia, ku enterogasio unauliza nani aliua Caesar, banajibu Brutus na wenzake, pointi mbili, tumemaliza Shakespeare. Kinywa habakufungua. Naweka hapa namna miye nafanyaka na 5e yangu (mwaka wa tano wa sekondari), zaidi ya batoto 60, batatu batatu ku banki, fotokopi hakuna, buku ni moja na ni yangu. Mutaongeza ao mutapinga.

Kwa nini Julius Caesar na si Romeo? Juu mu Romeo bawili banapendana na bengine bote banabaki kutazama na kucheka. Mu Julius Caesar kuko population, ni kusema raia bengi ya Roma. Shakespeare aliiandika mu 1599, na mu kitendo cha 3 onyesho la 2, Caesar ameshauawa, Brutus anapanda kujieleza, population inalia "Live, Brutus! live, live!", mumoja hata anasema "Let him be Caesar", kisha Antony, rafiki ya Caesar, anakuja na maiti, anaongea, na population ile ile inatoka mbio kwenda kuchoma nyumba ya Brutus. Na maneno yao ni mafupi, "The will! The will!", "They were traitors!", mutoto mwenye kushindwa kabisa Kiingereza anaweza kulia vile na ikatoka muzuri. Ile klasi prefe (mukubwa wa shule) anakulaumu kila siku juu ya makelele, njo Roma yenyewe iko tayari.

Juma la kwanza sifungui buku. Batu ya Lubumbashi munajua Mufwankolo, ile trupu yetu, habakuwa na karatasi ya kukariri, banapatana kwanza habari, nani anaingia, nani anatoka, ugomvi ni wa nini, kisha kila mutu anatia maneno yake. Nafanya vile. Naeleza mu Kiswahili: kuko mukubwa mumoja ametoka ku vita ameshinda, batu banamupenda, wenzake banaogopa atajifanya mfalme, na kuko mumoja mwenye roho safi banamuvuta aingie mu shauri juu akiwa ndani batu bataamini. Basi, kikundi mbele, chezeni. Banacheza mu Kiswahili yao, na Cassius, ule mwenye kumuvuta Brutus, Cassius wa Katuba nakuambia anaongea kama mutu mwenye kutafuta kura.

Njo sasa naandika sentensi chache ku tabulo. "Beware the ides of March." "Speak, hands, for me!" "Et tu, Brute?" na zingine chache za namna hiyo. Banacheza tena onyesho lile lile, na pale Kiswahili ilikuwa inakuja, inaingia sentensi ya Shakespeare. Yenye kubaki inabaki Kiswahili. Kila wakirudia, sentensi ingine inageuka, mpaka mutoto mwenyewe anaanza kuuliza "prof, na hii basemaje?" Hapo ameomba mwenyewe, haukumulazimisha.

Siku ya Antony njo kazi kubwa. Mumoja anasoma hotuba (naikata, ni ndefu sana, nabakisha kama mistari 20), na kila akisema Brutus ni "an honourable man" population lazima ijibu mbele aendelee. Mara ya kwanza banakubali na heshima. Mara ya pili banajibu lakini banatazamana. Mara ya tatu kuko benye kucheka. Mwisho banalia kwa hasira. Neno ni lile lile, sauti tu njo inageuka, na hapo sihitaji kueleza kejeli ni nini, bameisha kuifanya. Mwaka ulipita kuko mutoto mwanamuke wa banki ya nyuma, tangu mwezi wa kenda sikusikia sauti yake, siku ile alisimama juu ya banki analia "The will!" mpaka prof wa klasi ya jirani alitoka kutazama nani anapigwa.

Na testamenti yenyewe, usiisahau. Antony anasoma kama Caesar ameachia kila mwanaume wa Roma drakma 75, na bustani zake kando ya Tiber. Miye naandika ku karatasi nakunja nafunga na kamba, Antony anaiinua na mukono, haisomi bado. Swali la kwanza klasi yote ni moja: drakma 75 ni franga ngapi. Muachie baulize mu Kiingereza.

Mzee_Kasapa

Prof wa Katuba, nimekusoma mpaka mwisho na sina ubaya na wewe, lakini nikukumbushe kitu. Mtoto huyo mwaka kesho anaingia sita, na Exetat, mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari, haimwombi alie juu ya banki, inamwekea maswali ya kuchagua jibu. Mzazi amelipa minerval (karo) kwa taabu. Juma nzima bila kufungua kitabu, sarufi utafundisha lini? Halafu Kiingereza cha Shakespeare mwenyewe Mwingereza wa leo kinamchosha, unampa mtoto ambaye hajui bado tofauti ya "much" na "many". Tumefundisha hivi tangu zamani kwa tabulo na chaki na wengine leo ni maprofesa.

Mama_Ibanda (Bukavu)

Mzee shikamoo. Na hao wengine wasiokuwa maprofesa, bako wapi na Kiingereza yao? Nauliza tu.

Prof asante sana, mie ile ya population nitaichukua. Nami naongeza yangu ya kitendo cha 2. Usiku mbele ya kuuawa, bibi ya Caesar, Calpurnia, ameota sanamu ya bwana yake inatoka damu kama chemchemi na Waroma banaosha mikono ndani. Anamwambia usitoke. Caesar anakubali kubaki. Halafu anafika Decius, mumoja wa wale wa shauri, anasema hapana, umeeleza vibaya ndoto, ile damu ni uzima Roma itapata kwako, na tena senati leo banataka kukupa taji. Caesar anavaa, anaenda. Ndoto moja, maelezo mbili.

Basi nasimamisha banafunzi mistari mbili inatazamana, mu njia ya katikati ya mabanki juu nafasi ingine hakuna. Caesar anapita polepole katikati. Upande wa kuume wote ni Calpurnia, kila mtu sentensi moja ya kumuzuia, "You must not go", "Stay at home, I beg you", "If you go, you will die". Upande wa kushoto ni Decius, "They will laugh at you", "You should go, they want to give you a crown". Akifika mwisho wa njia, Caesar anasema yeye mwenyewe kama anaenda ao anabaki na kwa sababu gani. Mzee, tazama ile ndani, "must", "should", "if" na wakati ujao, ni somo lako la sarufi lote limepita na hakuna aliyesinzia. Mwaka mumoja Caesar wangu alikataa kwenda! Alisema bibi ameongea vizuri. Klasi ikamkasirikia kwamba anaharibu mchezo, na ugomvi ule uliendelea mu Kiingereza mpaka kengele, sikuukata.

Latin_Philo

Sisi wa Latin-Philo (seksio ya Kilatini na filozofia) tunamjua Caesar toka kwa mwalimu wa Kilatini kwa hiyo mchezo wangu ni kuwinda makosa ya Shakespeare 😄 Caesar wa kweli aliuawa tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 44 mbele ya Kristo, senati ilikuwa imekutana mu jengo la Pompeius, Shakespeare amemuulia Kapitoli. Suetonius, mwandishi wa historia wa Roma, anasema majeraha 23, na kama alisema kitu basi kwa Brutus alisema Kigiriki, "na wewe mwanangu", ile "Et tu, Brute" haiko kwake. Na mu kitendo cha 2 saa inagonga! Roma ya wakati ule saa ya kugonga itoke wapi. Unawapa wanafunzi kazi ya jozi, mmoja ni Shakespeare anajitetea kwa Kiingereza, mwingine ni mwanahistoria anamshitaki. Wale wa Latin wanajivuna sana siku hiyo, waache.

Kijana_ISP (Bukavu)

Ba-prof niko stajere (bado najifunza ualimu), somo la Anglais, nisaidieni ku matamshi. Banafunzi bangu banasoma mistari yote sawa sawa kama banahesabu, hakuna sauti kupanda wala kushuka. Nimeweka odio ya Waingereza ku telefone, wanasema hawasikii hata neno.

Prof_Katuba

Kijana, zima odio. Shida ni hii: Kiswahili inakaza silabi ya mbele ya mwisho siku zote, Kifaransa inakaza mwisho, mutoto anakuja na zote mbili ku kichwa, halafu Kiingereza inakaza mahali inataka. Haitatoka kwa kusikiliza, itatoka kwa kupiga. Shika mustari huu, "I come to bury Caesar, not to praise him". Klasi inapiga banki na kiganja, kidogo-kubwa, kidogo-kubwa: i COME to BUR-y CAE-sar NOT to PRAISE him. Mara tano kubwa, na ile "him" inabaki inaning'inia. Kwanza banki tupu bila maneno. Kisha maneno juu yake. Kisha banki inanyamaza na maneno inabaki.

Batoto ya hapa bamekulia mu koro ya kanisa, kukaa ndani ya mdundo habafundishwe. Na ukimaliza, wasomee maneno ya Brutus ku ile onyesho, bajaribu kupiga banki: haitaingia, juu Brutus anaongea prose, maneno ya kawaida bila mdundo, Antony njo anaongea na mdundo. Waulize sasa nani kati ya hao wawili atabeba population. Banajua mbele haujamaliza swali.

Mzee Kasapa nakujibu na heshima. Hotuba ya Brutus ni kitabu cha sarufi kimevaa nguo. "Not that I loved Caesar less, but that I loved Rome more": huyo hapo "less" na "more", mbele ya maiti. Kisha ile mustari wa "As Caesar loved me, I weep for him, as he was fortunate, I rejoice at it", umbo moja anarudia mara ine. Nawapa umbo tupu, banatia yao juu ya mutu mwengine, "As my brother helped me, I thank him, as he was lazy..." na hapo banacheka lakini "as" haitatoka tena ku kichwa. Exetat inawezaka kuuliza ile kwa namna yoyote.

Na maneno ya kizamani siyafundishi yote. "Thou" na "hath" nasema mara moja, basi. Mistari yenye kuwa ngumu naikata, sibadilishe. Kufupisha Shakespeare ni sawa, kumuandika upya mu Kiingereza ya buku ya mwaka wa kwanza hapana, unabaki na habari tu na habari hata bibi yako ako nayo za muzuri.

Binti_Kigoma

Habari zenu majirani, nawasoma toka ng'ambo ya ziwa. Mbona hamjamtaja Nyerere jamani? Mwalimu aliutafsiri mchezo huu huu, ukatoka 1963, akaurekebisha ukatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, akafanya na Mabepari wa Venisi mwaka huo huo. Rais wa nchi na shughuli zake zote anakaa usiku na Shakespeare! Mi huwa nawapa kwanza ukurasa wa Kiswahili wausome kwa sauti kama shairi, ndo wanaingia kwenye Kiingereza wakijua nani kasema nini na kwa moyo gani, hofu inapungua nusu.

Prof_Katuba

Dada Kigoma karibu. Nilijaribu. Kiswahili cha Mwalimu ni cha juu sana, batoto yangu baliniomba nibatafsirie tafsiri 😂 Lakini onyesho fupi moja mbele ya hotuba, naona inaweza kusaidia wale ba-6e. Utupatie picha ya ukurasa mumoja kama uko nayo karibu.

Mwalimu_Himbi (Goma)

Mimi nataka kuongea juu ya onyesho moja ambayo hakuna ametaja, kitendo cha 3 onyesho la 3, na niko naongea pole pole juu si mchezo tu.

Kisha Antony kuamsha watu, wanakutana barabarani na mshairi anaitwa Cinna. Kuko Cinna mwingine alikuwa kati ya wale waliomuua Caesar. Wanamuuliza: jina lako nani, unaenda wapi, unakaa wapi, umeoa ao hapana. Tazameni ile maswali. Ni somo la kwanza la Kiingereza, ile tunafundisha mwanzo kabisa, "What is your name?", "Are you a married man or a bachelor?", na wanamwambia ajibu haraka na ajibu kweli. Anajibu yote vizuri. Anasema jina. Wanasema mrarue. Anasema mimi ni Cinna mshairi, siko yule. Wanasema haizuru, jina ni lile, basi mrarue kwa mashairi yake mabaya.

Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza hakuna onyesho rahisi kama hii, kila mtu anaelewa kila neno, na mistari ni mifupi. Lakini hapa kwetu kuko batoto mu klasi wameona watu wanasimamishwa na kuulizwa vile vile, jina, unatoka wapi. Kwa hiyo mie nina sheria zangu. Sipangie mtoto kuwa Cinna, anayejitolea tu, na namuuliza pembeni siku ya mbele, si mbele ya wenzake. Hatuchezi kifo. Swali la mwisho likiulizwa napiga makofi mara moja, wote wanagandama pale walipo, na kila mtu wa population anasema sentensi moja kwa Kiingereza, anafikiri nini sasa hivi ndani ya kichwa. "I don't know this man." "I am only following the others." Wanakaa. Tunaandika. Nani anataka kutoka nje anatoka, simuulizi.

Mwenye klasi iko na majeraha bado mabichi, ruka kabisa, Shakespeare hatalia.

Mama_Ibanda (Bukavu)

Mwalimu Himbi aksanti sana kwa hii. Mie niliikata kila mwaka, sikuwa naona namna ya kuifanya. Ile ya kujitolea na kuulizwa pembeni nitaichukua.

Mzee_Kasapa

Hiyo ya Himbi imekaa vizuri, nakubali. Lakini sasa nina swali lingine na hili si la sarufi. Mnacheza mkubwa wa nchi anauawa na wenzake, ndani ya shule, Lubumbashi, mji ambako Lumumba aliuawa karibu yake 17/01/1961, na Mzee Laurent-Désiré Kabila naye aliuawa Kinshasa 16/01/2001. Mtoto atainua kidole aulize. Inspekteri yuko nyuma ya klasi. Utajibu nini?

Prof_Katuba

Mzee banainua kidole kweli, kila mwaka. Nawajibu: mu saa hii tuko Roma, ukitaka kusema kitu sema kupitia Brutus ao Antony, na utoe mustari wenye kukushika. Sikatazi wala siongoze. Shakespeare mwenyewe hakukata, Brutus anakufa mwishoni na adui yake Antony njo anamusifu. Na inspekteri akikaa nyuma mupatie mustari, awe population, nilifanya na alilia kuliko batoto.

Kama anataka jibu la kikubwa mwambie kama ku gereza ya Robben Island, Afrika Kusini, kulikuwa buku ya Shakespeare inapita mukono kwa mukono, wafungwa banatia sahihi pembeni ya mistari banapenda, na Mandela tarehe 16/12/1977 alitia yake ku Julius Caesar, pale Caesar anasema mwoga anakufa mara nyingi mbele ya kufa kwake. Hakuchagua Brutus wala kisu.

Mzee_Kasapa

Haya. Na pointi? Batoto 60, wengine wamelia tu "The will". Barème, ile namna ya kugawa pointi, iko wapi.

Prof_Katuba

Pointi zinatoka ku barua. Mu kitendo cha 1 Cassius anapanga kutupa barua ku dirisha ya Brutus, mwandiko mbalimbali, kama vile raia bengi tofauti bameandika, na zote ni yeye. Basi kila mutoto anaandika barua moja fupi isiyokuwa na jina, mu Kiingereza, kwa Brutus. Mumoja ni mama wa soko, mumoja askari mwenye kulemaa, mumoja mutu tajiri mwenye woga. Mistari sita, si zaidi. Anaitupa ku meza yangu kama ku dirisha. Mbele ya kukosoa Brutus wa klasi anafungua tano, anazisoma na sauti, na lazima aseme ni ipi imemugeuza roho. Batoto banaona mara moja ni kama yale mamesaji ya WhatsApp yenye kuandikwa "nimepokea vile vile, tumia wengine kumi", nani aliandika hajulikani na kila mutu amesadiki. Jina la mwandishi naandika nyuma mu kalamu ya risasi, pointi 10: sarufi 4, kusadikisha 4, mwandiko na usafi 2. Ile ya kulia natoa pointi 5 kwa klasi nzima pamoja, wote bapate ao wote bakose, na hakuna mwenye kukaa kimya mu hesabu ile, jirani yake anamusukuma.

Visu: karatasi ya kaye imekunjwa. Rula ya chuma hapana, bici (kalamu ya wino) hapana. Hiyo usinijadilie.

Kijana_ISP (Bukavu)

Prof unaweza kututumia ile mistari 20 ya Antony vile umeikata? Megabayiti yangu haitoshi kutafuta maandishi yote.

Prof_Katuba

Maandishi mazima ni ya bure, haina mwenyewe tena, ku sayti ya Folger ao ya Gutenberg utapata. Lakini nitapiga picha ya tabulo Juma tatu, kurani (umeme) ikikuwa.

Soeur_Lycée

Nimefuata kimya kimya. Kwetu ni lycée, wasichana tupu. Brutus, Cassius, Antony, wote wanaume, wanawake ni wawili tu katika mchezo mzima. Wazazi watasema nini?

Mama_Ibanda (Bukavu)

Soeur, London ya 1599 wanawake habakuwa banaruhusiwa kupanda jukwaani, Calpurnia na Portia, bibi ya Brutus, balichezwa na vijana wanaume na hakuna mzazi alilalamika. Basi geuza. Ila Antony mpatie yule mwenye kuchelewa kila siku na kuleta sababu, atakufaa.